Hapa Ni Wapi? Kuutembea Ulimwengu kwa Picha Kumi

Likizo ya shule imeshaingia, na katika nyumba nyingi za mwambao watoto wamejaa sebuleni, kila mmoja na lake. Safari zina gharama. Si kila mzazi awezaye kuwapandisha wanawe ndege, na wengine hata nauli ya basi la kwenda Malindi ni ya kupigiwa hesabu. Lakini ulimwengu una namna nyingine ya kutembelewa, isiyohitaji pasipoti wala mkoba. Nyumbani kwetu tumeizoea kwa miaka kadhaa sasa: picha kumi hutandazwa juu ya mkeka baada ya Isha, maelezo yake yamefichwa, na swali huwa ni moja tu kwa kila picha. Hapa ni wapi?

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Uzito wake umo katika kanuni aliyoiweka shangazi yetu, ambaye alisomesha watoto wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Anayejibu sharti aseme amejuaje. Jibu lisilo na sababu halihesabiwi, hata likiwa sahihi. Watoto walinung'unika sana siku za mwanzo, wakasema hiyo si haki. Shangazi hakuwajibu neno. Aliendelea kupanga picha zake.

Picha ya kwanza aliichagua ya kuwachangamsha watu: Mnara wa Eiffel, mjini Paris. Hata aliyeko darasa la kwanza aliutaja jina kabla picha haijatua mkekani, na si ajabu, kwani ameshauona kwenye mkebe wa biskuti, kwenye pazia, kwenye fulana ya mitumba na kwenye mkoba wa shule. Mnara huo wa chuma ulijengwa kati ya mwaka 1887 na 1889 kwa ajili ya maonyesho makubwa yaliyofanywa Paris, na leo una kimo cha mita 330. Ikaja picha ya pili: mnara wa chuma vilevile, wenye miguu minne vilevile, umechongoka kuelekea mbinguni vilevile. "Paris!" wakapiga kelele wote kwa pamoja. Wakaulizwa wamejuaje. Kimya.

Mnara ule ulikuwa na rangi ya machungwa na nyeupe, ilhali wa Paris ni wa rangi ya udongo. Ulikuwa ni Mnara wa Tokyo, huko Japani, uliokamilika mwaka 1958, nao una mita 333, yaani umewazidi Wafaransa kwa mita tatu. Rangi ile kali imepakwa kwa sababu za usalama wa ndege zipitazo angani. Tangu usiku huo watoto waliacha kukimbilia kitu kilichoko katikati ya picha. Wakaanza kutazama pembezoni.

Na pembezoni ndiko kwenye maneno. Magari yanapita upande gani wa barabara? Yakipita kushoto kama yetu, huenda ni Tanzania, India, Pakistani, Malaysia au Uingereza. Yakipita kulia, huenda ni Saudia, Omani, Uturuki au jirani zetu wa Rwanda. Mabango yameandikwa kwa herufi gani? Mwenye macho makali hutenganisha Kiarabu na Kiurdu kwa namna mstari wa Kiurdu unavyoteremka, kama mtu ashukaye ngazi. Waturuki waliziacha herufi za Kiarabu mwaka 1928, hivyo msikiti ukizungukwa na maduka yenye maandishi ya Kilatini, usiondoe Istanbul akilini. Miti je? Mavazi ya akina mama wanaopita? Nguo zilizoanikwa roshanini? Kina mama wa nyumba yetu wamewashinda vijana mara nyingi kwa sababu wao hutazama nguo na vyombo, na vijana hutazama majengo.

Wapo duniani watu walioufanya mchezo wa namna hii kuwa mashindano makubwa. Mwaka 2013 Anton Wallén, kijana wa Uswidi, alianzisha mchezo wa intaneti uitwao GeoGuessr, ambamo mchezaji huwekwa katikati ya barabara asiyoijua, akaachwa akisie yuko nchi gani. Mabingwa wake hutambua nchi kwa nguzo za stima tu au kwa rangi ya udongo. Na Kenya huitambuaje? Si kwa Mlima Kenya wala kwa ngome yetu ya Mombasa. Gari lililopita kupiga picha za barabara zetu lilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililosimama ubavuni, na bomba hilo huonekana katika picha nyingi za hapa. Wakiliona, husema "Kenya" papo hapo. Twacheka, lakini jambo lenyewe lina ladha ya uchungu kidogo: nchi nzima, na milima yake na bahari yake, imejulikana kwa kifaa cha gari la mgeni.

Turudi mkekani. Istanbul ina picha mbili ambazo hata watu wazima huzichanganya, kwa kuwa majengo yenyewe yanatazamana. La kwanza ni Ayasofya, lililojengwa kuwa kanisa na kukamilika mwaka 537, likawa msikiti mwaka 1453 Sultani Muhammad al-Fatih alipouteka mji, likafanywa jumba la makumbusho katika miaka ya 1930, na mwaka 2020 likarudi kuwa msikiti. La pili ni msikiti wa Sultani Ahmad, ambao wageni huuita Msikiti wa Buluu, uliojengwa tangu mwaka 1609. Dawa yake ni kuhesabu minara. Ayasofya ina minne, tena si ya namna moja, maana mmoja ni wa matofali mekundu. Sultani Ahmad una sita. Kijana mmoja wetu alipoijua hesabu hii alijiona bingwa, mpaka alipoletewa picha ya msikiti wenye minara sita uliokaa juu ya kilima, mbali na Ayasofya. Huo ni msikiti wa Çamlıca, uliofunguliwa mwaka 2019 upande wa Asia wa mji huohuo. Hesabu peke yake haitoshi. Mtu hana budi kuuliza pia jengo limesimama wapi.

Taj Mahal ilitukalisha usiku mzima. Watoto waliitambua, naam, kisha mmoja akaeleza sababu yake: "Ni msikiti mweupe wa India." Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, kwa kuwa jengo lile jeupe si msikiti. Ni kaburi. Mtawala wa Kimughal, Shah Jahan, alilijenga mjini Agra kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa 14. Akina mama waliposikia idadi hiyo walitazamana. Marumaru, bustani na mashairi yote yaliyotungwa juu ya mapenzi ya mfalme yule, na katikati yake yupo mwanamke aliyekufa uzazini. Nyanya alisema taratibu kuwa angependa kujua mkunga wake alikuwa nani, na je, aliwahi kulala usingizi tena.

Msikiti upo, lakini uko ubavuni, upande wa magharibi, umejengwa kwa jiwe jekundu. Upande wa mashariki limejengwa jengo jingine linalofanana nao kabisa, ambalo halisaliwi. Lilijengwa ili mizani ya macho isilemee upande mmoja. Picha nyingi huyakata majengo hayo mawili, zikabakisha weupe mtupu, na ndiyo maana watu hupotea. Ajuaye habari ya msikiti huo hatashangaa pia kuambiwa kwamba Taj Mahal hufungwa kwa watalii siku ya Ijumaa. Ndani yake, kaburi la Mumtaz liko katikati barabara. La Shah Jahan, aliyezikwa baadaye, limewekwa kando ya la mkewe, nalo ndilo peke yake lililovunja ule usawa aliousimamia kwa miaka yote ya ujenzi.

Mwenye kupenda mitego na achanganye picha tatu za India pamoja. Kuna kaburi la Humayun mjini Delhi, la jiwe jekundu na kuba jeupe, ambalo mkewe mjane ndiye aliyeamrisha lijengwe, takriban miaka 60 kabla ya Taj Mahal kuanza. Kuna Taj yenyewe. Na kuna Bibi Ka Maqbara mjini Aurangabad, jeupe kama Taj lakini dogo na jembamba, ambalo mwana alimjengea mama yake. Mke kwa mume, mume kwa mke, mwana kwa mama. Binti zetu wamezitenganisha picha hizo kwa njia hiyo, na hawajazikosea tena.

Piramidi za Giza hatukukaa nazo sana. Tulichotaka kuwaonyesha ni picha mbili za mahali pamoja: moja yenye mchanga, ngamia na upweke, nyingine iliyopigwa kwa kugeuza kamera, yenye nyumba za mji wa Giza zilizofika karibu kabisa, mabasi na nyaya za stima. Zote mbili ni kweli. Ya kwanza ndiyo inayouzwa.

Ikafuata picha ya matao, safu baada ya safu, kila tao lina mistari myekundu na myeupe. "Madina," akasema mmoja, akatoa na sababu nzuri: matao ya Msikiti wa Mtume yana mistari ya rangi mbili pia. Ni sababu ya mtu aliyetazama vizuri, na shangazi alimpa nusu ya alama. Lakini ilikuwa ni Cordoba, nchini Uhispania, msikiti ulioanzwa na Abdul-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, wenye nguzo zaidi ya 850. Mji ulipotekwa mwaka 1236 uligeuzwa kanisa, na katika karne ya 16 wakajenga kanisa kuu katikati ya ule msitu wa nguzo. Ushahidi ulikuwemo pembezoni mwa picha: sakafu tupu isiyo na zulia. Msikiti usiosaliwa hujulikana kwa miguu yake, alisema mama mdogo, na sisi tukaandika.

Hadi hapo ulikuwa mchezo. Picha ya saba haikuwa mchezo tena.

Ilionyesha kuba la dhahabu juu ya jengo la pembe nane lililovikwa vigae vya buluu, na anga safi nyuma yake. Kila mkono uliinuka. "Masjid al-Aqsa!" Watu wazima nao walikuwa wameinua mikono. Picha hii imo katika kalenda za majumba yetu, kwenye mabango ya misaada, kwenye saa za ukutani na kwenye simu zetu kila mara Palestina inapowaka. Na jina tunaloliandika chini yake mara nyingi halilingani na jengo tunalolitazama.

Lile ni Qubbat as-Sakhra, Kuba la Mwamba, lililokamilika mwaka 72 Hijria, sawa na 691 au 692 Miladia, kwa amri ya Khalifa Abdul-Malik bin Marwan. Jengo la sala la mbele, waliitalo al-Qibli, liko upande wa kusini, kuelekea kibla, na kuba lake ni la risasi, rangi ya kijivu. Ama jina Masjid al-Aqsa, kwa maana yake pana, ni la uwanja wote uliozungushiwa ukuta, wenye ukubwa wa takriban hekta 14, ukiyakusanya yote mawili pamoja na miti yake ya mizeituni, visima vyake, ngazi na matao yake. Kwa hiyo anayelionyesha Kuba la Mwamba akasema "hili ni katika al-Aqsa" amesema kweli. Anayesema kwamba al-Aqsa ni hilo tu, na kwamba yaliyobaki ni uwanja mtupu, ameupunguza msikiti kwa mikono yake mwenyewe. Mahali ambapo kila hatua ya ardhi inagombaniwa, si vyema sisi tuwe wa kwanza kuipunguza.

Kuna jambo la pili. Hata dhahabu ile si ya tangu zamani kama macho yetu yanavyodhani. Picha zilizopigwa kabla ya miaka ya 1960 zinaonyesha kuba lenye weusi, kwa kuwa lilifunikwa kwa risasi. Rangi ya dhahabu iliwekwa katika matengenezo ya miaka hiyo, na dhahabu inayong'aa leo iligharamiwa na Mfalme Hussein wa Jordan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto akiziona picha za zamani bila kuambiwa hilo, atakana kuwa ni pale. Na tarehe 21 Agosti 1969, moto ulipowashwa na kuteketeza mimbari ya kale iliyoletwa na Salahuddin, uliwashwa ndani ya al-Qibli, chini ya kuba la kijivu. Hata hivyo, kila mwaka habari za moto ule husambazwa simuni zikiwa na picha ya kuba la dhahabu. Tuliwauliza vijana wetu waoneshe al-Qibli katika picha iliyopigwa kutoka angani. Mmoja tu ndiye aliyeliona, na alikuwa mdogo wao.

Picha ya nane haikutoka mtandaoni. Ilitoka ukutani mwa chumba cha nyanya.

Nyanya alihiji mwaka 1981. Picha aliinunua dukani mjini Makka, akaja nayo ndani ya msahafu ili isikunjike. Rangi zake zimepauka kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, lakini Alkaaba inaonekana bayana na kiswa chake cheusi, imezungukwa na matao ya zama za Wauthmaniya, na juu ya kilima kilicho jirani imesimama ngome ya mawe. Tuliitoa kwenye fremu, tukaiweka mkekani pamoja na nyingine, tukidhani hiyo itakuwa rahisi kuliko zote.

Mjukuu wa miaka tisa aliitazama kwa makini, pembezoni kwanza, kama alivyofunzwa. Kisha akatoa hukumu yake: "Alkaaba ninaiona, lakini hapa si Makka. Labda ni mahali wanapofundishia watu kuhiji. Saa iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Kwa hesabu ya kanuni yetu, jibu lake lilikuwa na sababu. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2012 hajapata kuona picha ya Makka isiyokuwa na ule mnara wa saa wenye kimo cha mita 601, uliojijenga machoni mwake pamoja na Alkaaba yenyewe. Ngome aliyoiona kilimani ni ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Wauthmaniya katika karne ya 18 na kubomolewa mwaka 2002. Majumba ya saa yamesimama mahali pake. Mahujaji wameongezeka mno, na nafasi ya kutufu ilibidi ipanuliwe. Hilo hatuna ubishi nalo, na waliokwenda miaka ya karibuni wametusimulia jinsi walivyohudumiwa kwa wepesi. Lakini nyanya alikuwa ameketi palepale, na Makka aliyoiendea imeambiwa kuwa si Makka.

Aliichukua picha, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya wino, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mstari chini ya mstari. Hatukuwa tukijua kuwa yapo. Picha haikuwahi kutolewa kwenye fremu tangu sisi tukiwa wadogo. Alimpa mjukuu asome. Mtoto anaijua alif na be, Kur'ani anaisoma vizuri, lakini Kiswahili hakuwahi kukiona kimevaa herufi hizo, na maandishi ya mkono hayana irabu za kumsaidia. Alisoma kwa kujikwaa, nyanya akimrekebisha kwa kumbukumbu bila kutazama. Yalikuwa ni majina 11. Majina ya watu waliomwagiza dua kabla hajaondoka, ambayo aliyasoma moja moja alipofika, ili asimsahau mtu.

Wengi wao wameshatangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kando ya jina la dadake nyanya palikuwa na maneno mawili: apate mtoto. Mjukuu akauliza, "Je, alipata?" Nyanya akaonyesha kwa kidevu upande wa jikoni, ambako mama mdogo alikuwa akigeuza viazi karai.

Picha ya tisa ilikuwa nyepesi kwa kulinganisha, lakini ilitutengenezea njia. Msikiti wa Djenné, nchini Mali, wote ni udongo, na vijiti vya mbao vimechomoza kutoani mwake kama miiba. Jengo lililopo lilisimamishwa mwaka 1907, na kila mwaka mji mzima hukusanyika kuukandika upya: vijana wakipanda kuta kwa vile vijiti, wanawake na wasichana wakileta maji ya kuchanganyia udongo. Watoto walisema "Afrika" bila kusita na sababu zao zilikuwa sahihi. Tukaona wako tayari kwa picha ya nyumbani.

Tuliwawekea magofu. Kuta za mawe zilizopasuka, tao lililochongoka, kaburi lenye nguzo, na mizizi ya mti mkubwa imelishika jiwe kama vidole. Majibu yakamiminika. Misri. Yemeni. India. Mmoja alisema Palestina. Nchi zote walizozisoma usiku ule zilitajwa isipokuwa yao. Kisha yule mdogo aliyeliona al-Qibli akanyanyua kichwa: "Mti huu ni mbuyu. Na ukuta huu ni matumbawe, kama ukuta wa nyumba ya nyanya."

Ni Gede, kaunti ya Kilifi, kama kilomita 100 kutoka Mombasa, karibu na Watamu. Mji wa Waislamu wa mwambao huu, wenye msikiti wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima, na nyumba ambazo ndani yake mlikuwa na maghala, vyoo na mahali pa kujisafishia, wakati ambapo miji mingi mikubwa ya Ulaya ilikuwa ikimwaga taka dirishani. Kaburi moja lina tarehe iliyochorwa, inayolingana na mwaka 1399. Wareno walikaa Malindi kwa miaka mingi, mwendo mfupi kutoka hapo, na hawakuutaja mji huo katika kumbukumbu zao. Kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa, msitu ukaufunika. James Kirkman alipouchimba kuanzia mwaka 1948, nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake, ndiyo maana hadi leo kuna Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Sarafu za Kichina. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, kama ilivyofanya kwa Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu mwaka 2011.

Binti mmoja alikwama kwenye ule mkasi. Alitaka kujua mwenye nyumba alikuwa akikata nini: nguo, au kitovu cha mtoto? Hatukuwa na jibu, wala Kirkman hangekuwa nalo. Ila mwishoni mwa juma linalofuata, akijaalia Mola, tutachanga nauli na kuwapeleka wakauulize ukuta wenyewe. Nyanya amesema atakuja, mradi kuwe na kivuli na mtu wa kumbebea mkeka.

Nanyi tumewawekea ya kwenu. Tuliahidi picha kumi, na Gede ilikuwa ya kumi. Hii ni ya nyongeza. Msikiti mweupe, wa mwaka 1829, na mnara wake umesimama umechongoka kama pia iliyopinduliwa. Mbele yake kuna mchanga, kisha bahari. Hakuna gari hata moja katika picha, wala kushoto wala kulia, lakini pembezoni kabisa kuna punda aliyebeba mawe ya matumbawe. Hapa ni wapi? Tuandikieni kabla ya Ijumaa ijayo, na msisahau kusema mmejuaje.